Udi wa Baba kwenye Harusi ya Zuwena

Maskati, 1967

Mama yangu,

Nakuamkia kwa mikono miwili. Bibi anaendeleaje na miguu yake, na wewe kifua kimekuachia? Sisi wazima, ila joto la huku halina huruma.

Zuwena tumemuoza Ijumaa. Mume ni mtu mwema, usiwe na wasiwasi. Lakini najua utakaloniuliza kwanza, maana Baba aliniusia kabla hajafa: siku ya harusi ya mdogo wangu nimpigie wimbo wake kwa udi alioniachia.

Unakumbuka alivyotusimulia habari za Baghdadi, makhalifa wa Bani Abbas wakikaa nyuma ya pazia kuwasikiliza waimbaji? Na yule mpiga udi aliyehama kwa husuda ya mwalimu wake, akafika Andalusi, huko Hispania, akapokewa kwa heshima na wafalme wa Bani Umayya? Baba akisema udi ukifika Uarabuni utakuwa umerudi kwao. Masikini Baba, alidhani kila nchi ya Waarabu ni Andalusi. Hapa muziki hauruhusiwi. Siku tuliyofika, ami, ndugu yake Baba, aliutazama udi akasema, "Mwanangu, kitu hichi kikisikika nje, mimi ndo n'takaeitwa na serikali." Nikazifungua nyuzi mwenyewe, mbele yake, ili apate usingizi. Niliumia sana, Mama.

Harusi ikawa ya kimya. Kisomo, halua, kahawa, basi. Nilipoingia kumuaga Zuwena nilimkuta amekaa na hina yake.

"Kaka, Baba alikuusia. Nipigie."

"Nyuzi hazimo, Zuwena."

"Nnajua. Nipigie."

Nikaupakata. Vidole vikaufuata wimbo ule Baba aliokutungia wewe, juu ya mti mtupu. Zuwena akavitazama, midomo inamchezacheza. Ami akatokea mlangoni, nikadhani atanizuia. Akauvuta mlango, akaufunga kwa nje.

Pale Baba alipokuwa akikawia kidogo kabla ya kulitaja jina lako, nilipita haraka. Zuwena akatikisa kichwa. Nikarudia, nikakawia, na hapo sote wawili tukalia.

Nisalimie shangazi Moza aliyetufungia chakula cha safari, na Mzee Faki, aliyekuwa akimpigia Baba ngoma ya dumbaki. Usimwambie habari ya nyuzi.

Niandikie, Mama, kama kupiga kule bila nyuzi ni kupiga au si kupiga. Zuwena ananiapia kwamba alisikia mwanzo mpaka mwisho. Mimi sikusikia kitu.

Mwanao,
Salim