Kwa Nini Nilikataa Kuibadilisha Pikapu

Garsen, Jumanne, jioni. Mvua ilikatika asubuhi, na tangu hapo ardhi inatoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Kifua changu kimetulia. Nimemaliza bakuli zima la uji, na aliyeupika ameniona nikimaliza, kwa hiyo nyumba nzima ina furaha.

Kuna jambo nimelificha. Si uovu. Nimewaficha mke wangu na watoto wetu sababu ya kweli ya kukataa kuibadilisha pikapu yangu kwa gari dogo linalotumia mafuta kidogo. Nimewapa sababu nyingine, nzuri, na kila moja ni ya kweli. Ila hakuna hata moja iliyokuwa yenyewe.

Daktari kule Malindi alisema moyo wangu umechoka, na kwamba tusipange mambo ya mbali. Hilo nyumbani wanalijua wote. Ninalotaka kuandika leo hawalijui, na naona ni afadhali walijue nikiwa bado naweza kushika simu na kubonyeza herufi.

Pikapu ni ya petroli, ya zamani, rangi yake ya kwanza sasa inaonekana chini ya viti tu. Inakunywa. Nikienda Malindi kliniki na kurudi, mshale wa mafuta unashuka ninautazama. Jirani yangu Barisa, mfugaji, hunicheka kila akiniona kwenye kituo cha mafuta. "Mwalimu, ng'ombe wangu wakinywa wanatoa maziwa. Hiyo yako inatoa moshi!"

Kusema haki, si injini peke yake. Hapa kwetu gari la mtu mmoja ni la kijiji. Nikienda Malindi, huyu anasema nimpitie Tarasaa, yule ana magunia ya maembe Wema, mwingine ana mgonjwa njiani. "Pitia tu hapo, Mwalimu, ni karibu." Nimepitia kwa watu miaka yote. Mafuta mengi yameishia kwenye neno hilo, na sijuti hata tone.

Mwanangu Danieli, aliye Mombasa, ndiye aliyeanza habari ya kubadilisha. Amepata yadi ya kuuza magari Malindi inayochukua gari la zamani, unaongezea pesa kidogo juu, unapewa gari dogo la otomatiki. Alinipigia kunieleza hesabu ya petroli kwa furaha, kama mtoto aliyejibu swali darasani.

"Baba, ukilitumia miaka mitatu tu, hizo pesa za juu zitakuwa zimejirudisha zenyewe kwa..."

Akakatia hapo, kwenye ile miaka mitatu.

Nikamwambia hesabu yake ni sahihi, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Tukacheka wote wawili, yeye kidogo, mimi zaidi.

Sababu nilizompa ni matope ya njia ya Kulesa, ambako ndiko nyumbani kwetu hasa na ndiko shamba lilipo. Maembe, ambayo hayaingii kwenye buti. Na mazoea ya mguu wangu. Danieli akasema atangoja nifikirie hadi wiki hii iishe.

Sasa niseme kuhusu Kulesa.

Zamani kidogo, nikitoka Malindi, nilikuta jeneza limewekwa kando ya barabara pale lami inapoishia. Juu yake kuna kanga, na pembeni wamekaa wanawake kwenye mkeka. Alikuwa mama mmoja wa Wema aliyefia hospitali. Gari walilokodi liliyaona matope, dereva akasema mwisho ni hapa, akageuza. Walikuwa wakingoja trekta. Jua lilikuwa kali, na mmoja wao alikuwa akipunga inzi kwa tawi.

Tulilipandisha jeneza nyuma ya pikapu. Wanawake wakapanda, wakakaa ubavuni mwake. Yule wa tawi akalifunga tawi lake mbele, kwenye boneti, kama inavyofanywa msibani, ili watu wajue nani anapita. Waliokuwa wakipalilia walisimama. Wanawake wakaanza wimbo wa kanisani, nami nikaendesha kwa mwendo wa wimbo wao.

Tangu siku hiyo wakawa wananijia. Mtu wa Wema, wa Kulesa, wa Tarasaa, akifariki mbali, mlango wanaobisha ni wangu. Sikuwahi kukataa na sikuwahi kumwacha mtu njiani. Naijua ile njia ya mwisho ya Kulesa kuliko mistari ya kiganja changu: pale maji yanapotuama unaingia na gia ya kwanza, hugusi breki, huongezi wala hupunguzi, hadi ardhi iwe ngumu tena. Ukisita, umelala hapo.

Hayo ndiyo yaliyonifanya niipende pikapu. Bado sijasema lile lenyewe.

Mwezi uliopita moyo ulinigeuka tukiwa njiani, karibu na Tarasaa. Niliweza kusogeza gari pembeni tu. Mke wangu, Rehema, alikuwa kando yangu, mzima wa afya, macho mazuri kuliko yangu, na hakuweza kufanya kitu. Hajui kuendesha. Alijaribu mara moja tulipokuwa vijana. Klachi ya pikapu ikamshinda mguu, nami nikasema basi, nitakupeleka mimi. Tulikaa pale hadi akapita mgeni aliyekubali kuacha safari yake na kutuendesha. Rehema alinishika mkono njia nzima. Hakulaumu. Laiti angelaumu.

Leo binti yetu Neema alikuja kutoka Malindi na gari lake dogo, la aina ileile tunayoambiwa tuchukue. Baada ya chai akamweka mama yake kwenye usukani, hapo uwanja wa mpira, mimi nikawekewa kiti cha plastiki kivulini.

Rehema aliangalia chini, akainua uso.

"Baba Danieli! Haina klachi?"

"Haina."

"Yaani miaka yote hii nimekaa kiti cha abiria kwa sababu ya chuma kimoja?"

Akaondoka. Alikwenda polepole, akakata kona kwenye goli, akarudi kasi zaidi kuliko Neema alivyopenda. Ng'ombe wa Barisa walikuwa wakikatiza uwanja kama kawaida yao, na Barisa akatoka mbio akipunga fimbo. "Mama, breki! Breki, mama! Huyo ana mimba!"

"Mwambie apishe!" Rehema alijibu kupitia dirishani. "Na mimi nina wajukuu!"

Alisimama mbali kabisa na ng'ombe, vizuri, kama aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Alishuka na uso ambao sijauona tangu watoto walipokuwa wadogo. Nilimuuliza atafikaje shambani Kulesa mvua ikinyesha. "Mvua ikinyesha nitakaa nyumbani kama watu wengine," akasema. "Ikikauka, nitakwenda ninapotaka."

Ninapotaka. Siyo "utakaponipeleka".

Nilikaa kwenye kile kiti nikaona jambo jepesi kabisa. Petroli itakayookolewa si yangu kuila. Ni ya Rehema: ya kwenda kanisani, ya kwenda kupima presha, ya kumtembelea Neema bila kuomba mtu. Na mtu wa kumkalia kando anapojifunza, wa kumwambia tulia, hakuna haraka, ni mimi, maadamu bado nipo. Wiki chache, miezi, sijui. Zinatosha kwa mwanafunzi kama huyu.

Nikamwita Neema nikamwambia ampigie kaka yake. Tunabadilisha. Neema ataipeleka pikapu Malindi mwenyewe keshokutwa, akimaliza likizo yake fupi, gari lake akimwachia mama yake kwanza, na atapitia kwa watu njiani, maana nimeshawaahidi wawili.

Nina amani. Nasikia Rehema jikoni akimweleza Neema jinsi ya kukata kona, Neema aliyemfundisha mchana.

Na Danieli, ambaye husoma ninayoyaandika hapa mtandaoni, asinipigie akiwa analia. Wewe pia, Rehema, ukisomewa haya, usiwaambie watu wa yadi tumebadili nia. Haikuwa matope, wala maembe, wala mguu wangu. Nilipolikuta lile jeneza pale lami inapoishia niliogopa, na hofu hiyo haikuondoka. Nilikuwa naiweka pikapu ili iwe yenyewe itakayonipeleka Kulesa kuzikwa.