Inverta Inayonguruma Msikitini

Jumatatu, 25 Mei 1987
Aibu gani hii! Inverta yetu ya zahanati, ile inayoingiza umeme wa jua kwenye nyaya za mji, inanguruma ndani ya kipaza sauti cha msikiti. Darsa zima la alasiri — mmmmm. Jua likizama inanyamaza, na mtaa umeshazoea: mlio ukikatika, futari. Leo wingu limefunika paneli mapema. Mlio ukakatika. Watu tende mdomoni, mama yangu akiwa wa kwanza! Adhana ikaja baadaye sana. Sasa wote wana saumu ya kulipa.

Jumanne, 26 Mei
Imamu, Mzee Dida, kaja mwenyewe. Hakufoka. Hilo ndilo lililonitisha.
"Ebla, hiyo mashine ikinguruma siku ya Idi, itatoka."
Mwaka mzima nimewabembeleza wakubwa wanipe jaribio hili. Itoke iende wapi? Mama anacheka tu. Eti tende ilikuwa tamu.

Jumatano, 27 Mei
Tumeshinda na oskiloskopu, kile chombo chenye kioo kinachochora mawimbi ya umeme, mimi na fundi mwenzangu Kang'ethe. Umeme wa mji unapanda na kushuka taratibu. Wetu unaruka kama mtu anayekimbia ngazi. Tumeongeza koili ya kuchuja — mlio umepungua, haujaisha. Kang'ethe anakunywa chai mbele yangu, anaomba radhi, anakunywa tena.

Alhamisi, 28 Mei
Kumbe koili peke yake haitoshi! Tumebadilisha kadi inayoamrisha swichi. Zamani zilifunguka na kufungika kwa mapigo marefu. Sasa ni mapigo mengi ya haraka: membamba, yanapanuka kidogo kidogo, yanakuwa membamba tena. Koili inamalizia kulainisha. Kwenye kioo, wimbi safi! Nimeruka mpaka leso ikaanguka. Ila jua limezama kabla hatujasikia kipaza sauti. Na mwezi umeonekana. Idi ni kesho!

Ijumaa, 29 Mei
Idi! Jua kali, inverta inafanya kazi kwa nguvu zote. Niko kwenye ua wa nyuma wa msikiti na akina mama, naandika, mama ananibana kwa kiwiko. Kipaza sauti kimewashwa. Kimya. Kimekufa? Mzee Dida anakigonga kwa kidole — tup, tup. Kizima! Nasikia pumzi yake. Pumzi tu, na kikohozi kidogo. Mbona haanzi? Amegeuka, anatazama huku kwa wanawake. Anatafuta mtu. Mama ananisukuma nisimame —