Magoti ya Kemilembe

Mjukuu wangu Kokugonza,

Hapa Muleba tu wazima. Babu yako anapalilia kahawa, na mbuzi amezaa. Barua yako kutoka Dar imefika, pamoja na lile swali: kwa nini mtoto akinisalimu namtazama magoti badala ya uso?

Nilikuwa na mdogo wangu, Kemilembe. Aliumwa koo, likapona lenyewe, tukafurahi. Wiki chache baadaye babu yetu alikuja kututembelea. Watoto wote tukapiga magoti kumwamkia, Kemilembe akabaki amesimama. Mama akamkemea, "Wewe, mzee anasalimiwa hivyo?" Akajilazimisha kushuka, akashindwa kuinuka. Nilipomshika goti, lilikuwa limevimba na linawaka moto.

Yaliyofuata siyaandiki. Daktari wa Bukoba alitueleza kwamba kingamwili, wale askari wa mwilini wanaopigana na vijidudu vya kooni, wakati mwingine hukosea zikashambulia viungo vya mtoto mwenyewe, hata moyo wake. Koo lingetibiwa mapema, huenda tungekuwa naye. Tangu hapo ninayemhofia zaidi ni mtoto aliyepona bila dawa.

Sasa umeniandikia kwamba koo la mwanao Asimwe lilipona lenyewe, na kwamba siku hizi amekuwa jeuri: baba mkwe wako akija, hataki kupiga magoti. Nilipofika hapo nikakupigia. Simu yako haipatikani, kwa hiyo binamu yako anaipiga picha barua hii aitume kwa simu ya mumeo sasa hivi.

Mpeleke hospitali leo hii. Wala usimkemee, mama. Mguse magoti.

Bibi yako