Waya wa Kusikilizia Kanda ya Ndoa

Jumatano, 5 Juni 1996

Muziki wetu umefika! Amplifaya, deki na spika mbili ndefu, zinanifika kiunoni. Polikarp wangu aliuagiza Tunduru kwa rafiki yake Kajetani, na leo umeshuka kwenye basi umeviringishiwa godoro. Mume gani mwingine angewaza hivi? Jumapili mama mkwe anakuja kutoka Mbinga. Siku tuliyofunga ndoa alikuwa wodini, amepasuliwa. Hakuona, hakusikia. Poli amemwahidi atasikia Misa yote kwenye kanda, mpaka vigelegele.

Lakini amplifaya haina waya wa umeme! Umekatwa. Poli amecheka tu. Eti kesho tutachagua wetu wenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Sokoni, dukani kwa Bakili. Siku hizi kuna kila kitu! Nyaya za Dubai zinaning'inia ukuta mzima, rangi zote. Nikauona mmoja mweupe, mwembamba, laini — unafanana kabisa na vitambaa nilivyofuma vya kufunikia spika. Bakili akanicheka: "Shemeji, unachagua waya kama kitenge!" Poli akaupima kwa vidole. Akanitazama. Akasema tukatiwe mita tatu.

Ananipenda, jamani.

Ijumaa, 7 Juni

Aibu.

Tulifungulia muziki mpaka mwisho, tukacheza sebuleni peku. Mara harufu! Waya wa moto kama sufuria, na kitambaa nilichoufunikia kimeingia alama ya kahawia. Poli akachomoa mbio. Amplifaya imepona — asante Mungu! Ingeungua, mama angesikia nini?

Kumbe ule ni waya wa taa. Na yeye alijua! Nikamuuliza, mbona ulinyamaza? Eti nilivyofurahi vile dukani, mdomo ulimshinda kufunguka. Nikalia. Halafu nikacheka. Nimemwambia siku nyingine aseme.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda mwenyewe. "Shemeji, umefuata kingine cheupe?" Bakili akaniuliza. Nikaomba mweusi, mnene, wenye nyaya tatu ndani, mmoja wa kwenda ardhini, na plagi ya miguu mitatu. Nikataka achune ncha nione shaba. Akapiga kaunta: "Polikarp kaoa fundi!"

Poli amekaza skrubu akiwa amepiga magoti, ncha ya ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Mzuri huyo! Tumejaribu saa nzima. Waya baridi kabisa. Umelala wazi sakafuni, hauna kitambaa, na sichoki kuutazama.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe ameitikia shikamoo yangu na papo hapo akasema, washeni. Kanga begani, macho kafumba. Kwaya ikajaa nyumba nzima! Machozi yakamtoka. Padri kwenye kanda akamuuliza Poli kama amekuja kwa hiari yake — kimya. Nikauwahi waya. Baridi! Umeme ulikuwa umekatika mtaa wetu wote wa Mjimwema.

Tukangoja. Chai ikaisha. Gari la kumrudisha mama linaondoka saa kumi. Poli akaanza kueleza habari za jenereta, mama akamkata: "Nimetoka Mbinga kusikia swali lisilo na jibu? Simama ujibu mwenyewe, kijana. Na wewe mwanangu, kavae gauni."

Nilidhani anatania. Wala!

Niko chumbani. Gauni limeingia, ila vifungo vya mgongoni sivifikii. Sebuleni Poli anakohoa. Anajaribu jina langu lote, Imaculata Notburga, kwa sauti ile ile ya kanisani, anasita, anaanza tena. Mama yuko mlangoni, anauliza anifunge vifungo au amwite bwana harusi mwenyewe.