Mikono ya Barasa Imetulia

Baba Dogo, Nairobi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Je, magoti yameacha kukusumbua? Sisi huku ukituangalia utasema tu wazima, lakini nina jambo nisiloweza kulisema kwa simu, kwa sababu simu yangu siku hizi hukaa mfukoni mwa mwanao. Barua hii atakuletea jirani yetu Mama Sela, anayesafiri kesho.

Unakumbuka mikono ya Barasa ilivyotetemeka hata akashindwa kushona. Madaktari walipomtia nyaya ndani ya ubongo, na betri chini ya ngozi ya kifua, tuliomba pamoja. Siku walipoiwasha, alitunga uzi kwenye sindano mara moja tu. Nililia mbele ya manesi.

Wiki chache baadaye akaanza kuongea bila kupumzika. Usiku halali. Haogopi chochote. Jumapili, tulipotoka kanisani, nilimkuta amesimama juu ya ukuta mwembamba wa paa, pale tunapoanika nguo, ghorofa ya nne.

“Shuka, Baba Nekesa!”

“Nishuke kwa nini? Sijawahi kujisikia vizuri hivi.”

Nilikwenda kumweleza daktari. Alisema umeme umezidi, inabidi upunguzwe polepole, na tusithubutu kuuzima ghafla. Lakini Barasa amekataa kwenda.

“Unataka nirudi kutetemeka?”

Kile kidude cha kurekebishia umeme tulichopewa amekificha. Nilipokitafuta kabatini, alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa imara kabisa, Mama. Alama bado zipo.

Nekesa nimempeleka kwa dada yangu, Makadara. Tafadhali njoo kabla ya Alhamisi, siku ya kliniki. Anakusikiliza wewe peke yako. Usiseme nimekuita, sema umekuja kumwona mwanao.

Nisalimie Baba, shemeji Wafula, na shangazi aliyefunga akimwombea.

Ninapomalizia hapa, Barasa ameinua kichwa kutoka kwenye cherehani.

“Unamwandikia nani?”

“Mama.”

Ametabasamu. “Mwambie nimepona. Ukimaliza, nipe niisome.”

Hii naikunja, naiweka ndani ya nguo yangu. Sasa naanza nyingine, ya kumwonyesha.

Ni mimi mkaza mwanao,
Nafula