Mikorosho ya Mama na Shahada ya Pili

Nachingwea, Jumamosi, mwezi wa nane 2008. Upepo na vumbi tangu asubuhi.

Sasa hivi binti yangu Somoe amemaliza kupakua. Amechukua karatasi zilizoharibika kwenye mashine ya fotokopi, akazipanga sakafuni, akasema hizo ni sahani, akamgawia kila mtu ugali. Sahani ya baba, sahani ya bibi wa Malolo, sahani ya Dada Rehema, sahani ya paka. Nikamuuliza, "Na mama je?" Akaniangalia kama vile nimeuliza jambo la ajabu. Akasema, "Mama anapika."

Nimecheka. Halafu macho yakaanza kuniuma, nikasingizia vumbi.

Kwa mtu anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni mpiga chapa katika steshenari moja hapa mjini. Naandika barua za watu, maombi ya kazi, kadi za harusi, matangazo ya mikutano ya hadhara. Shule yangu iliishia kidato cha pili, mama alipofariki. Kompyuta nilifundishwa na Dada Rehema mwenye duka, na ukurasa huu alinifungulia yeye, akaniambia wateja wakiwa hawapo na mtandao ukikubali, niandike yaliyonikaa moyoni. Leo mtandao umekubali. Unakwenda mwendo wa kinyonga, lakini unakwenda.

Na leo ninayo ya kuandika, jamani. Wiki nzima nimekuwa kama mtu aliyemeza jiwe.

Mume wangu, baba Somoe, ana shahada. Kwao Malolo, kule Ruangwa, yeye ndiye wa kwanza kuvaa joho. Picha yake ya siku ile ipo ukutani kwetu, mgeni akiingia ndiyo anayoanza kuiona kabla hajaona mkeka. Tatizo ni kile alichosomea. Alisomea mambo ya kale, yaani kufukua ardhi kutafuta vitu vya watu wa zamani, vigae vya vyungu, mawe, mifupa. Na anayapenda kweli. Akikuonyesha kipande cha chungu akakueleza aliyekifinyanga alikishikaje, utasahau kama una njaa.

Lakini kazi hakupata. Wanawake wa bombani wakiniona wananiambia, "Mama Somoe, bwana wa vigae hajambo?" Mjomba wangu naye siku moja alimwambia mbele ya watu, "Sasa mkwe, kama kazi yenyewe ni kuchimba, jembe si hili hapa?" Watu wakacheka wakashika mbavu. Baba Somoe naye akacheka. Tulipofika nyumbani hakugusa chakula.

Siku hizi anafundisha shule moja ya kata huko Ruangwa, kwa muda. Analipwa kwa michango ya wazazi, kwa hiyo mwezi ambao michango haikuingia, naye hapati kitu. Ijumaa anapanda lori lolote linalokuja huku, anashuka kajaa vumbi mpaka kope. Watoto wa shule wanampenda. Ila ajira ya kudumu wanataka aliyesomea ualimu. Aliomba ile kozi fupi ya mwaka mmoja ya watu wenye shahada tayari, wakamjibu kwamba somo lake halifundishwi sekondari, sasa atafundisha nini? Ikabidi aombe kuanza upya. Shahada ya pili. Sisemi ile ya juu zaidi, nasema nyingine ya kwanza, kuanzia mwanzo kabisa, na vijana waliomaliza shule juzi. Chuo kimoja cha Mtwara kimempokea.

Mkopo alishapata mara ile ya kwanza, hapewi tena. Ada ni juu yetu.

Na sisi tuna nini? Tuna mikorosho.

Niseme ukweli, mimi ninayo. Ipo Chiola, aliipanda mama yangu, na kwetu cha mama kinabaki kwa watoto wake wa kike, msimamizi akiwa mjomba. Mume anapalilia, anapulizia salfa, anaokota, anakula. Kuuza au kuweka rehani hawezi, mpaka Mjomba aseme. Na rehani ya huku mnaijua. Mwenye pesa anakupa zote kwa mkupuo, halafu korosho ni zake, msimu huu na ujao na unaofuata, mpaka siku utakayomrudishia. Wewe unapita zako barabarani unaona watu wasiokujua wanaokota chini ya mti aliopanda mama yako. Kuna watu hapa wamepita hivyo mpaka wamekuwa wazee.

Jumapili iliyopita tulikwenda Chiola kwa Mjomba.

Baba Somoe alieleza vizuri, kwa adabu, mikono yake katikati ya magoti. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia, "Mkwe, hebu kaangalie ile mikorosho ya bondeni imetoaje maua." Sote tulijua maana yake. Mkwe hakai wakati ukoo unazungumza. Akainuka, akaenda.

Mjomba akanigeukia. "Haya mama. Mwenye mikorosho ni wewe. Unasemaje?"

Hapa lazima nieleze, maana ndipo nilipoharibikiwa. Kwetu, mkubwa akikuuliza jambo zito humjibu mara ya kwanza. Unamrudishia. Unasema, "Wewe ndiye unayejua." Naye anasema, "Hapana, mimi nimekuuliza wewe." Unamrudishia tena. Mara ya tatu ndipo unatoa la moyoni, na hapo hakuna wa kukukatiza. Hivyo ndivyo nilivyoulizwa nilipoposwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mara ya tatu. Njia nzima kutoka mjini nilikuwa nakariri kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo nikainamisha kichwa nikasema, "Mjomba, wewe ndiye unayejua."

Mjomba akakohoa. Akasema, "Basi mimi nimeona akasome."

Ikaisha hapo.

Nilibaki nimeinama. Nilidhani ataendelea. Yeye akawa anatafuta ugoro wake mfukoni, akasema, "Nimefurahi, mama. Nyie watoto wa mjini, wa makompyuta, hamna mambo ya kumzungusha mtu. Ukiulizwa unajibu mara moja." Yaani alikuwa ananiheshimu! Alikubali mara ya kwanza kwa sababu aliona ndivyo mimi nipendavyo. Na mimi nilirudisha mara ya kwanza kwa sababu niliona ndivyo apendavyo yeye.

Baba Somoe akarudi kashika jani. Alikuwa amekagua kweli, masikini. "Mjomba, bondeni kuna ubwiri unga, majani yameanza kuwa meupe." Mjomba akamwambia, "Achana na majani, mkwe. Utakwenda Mtwara." Baba Somoe akachuchumaa, akashika mkono wa Mjomba kwa mikono yake miwili. Halafu akaniangalia mimi. Aliniangalia hivyo mara moja tu kabla, siku Somoe alipozaliwa.

Ningefungua mdomo vipi?

Sasa nililotaka kusema mara ya tatu ni hili, na sijapata kumwambia mtu. Nataka kusoma. Kuna ule mtihani wa QT kwa sisi tulioachia njiani, ukifaulu unafanya wa kidato cha nne kama mtu wa nje. Kuna mwalimu mstaafu hapa mjini anafundisha jioni, nimemwandikia matangazo yake mimi mwenyewe na kuyabandika. Gharama yake ukilinganisha na ya Mtwara ni kama kibaba na gunia. Lakini mikorosho yote ikienda, hata hicho kibaba hakipo.

Nyumba moja, mmoja anatafuta shahada ya pili, mwingine hana hata cheti cha kidato cha nne.

Kwa nini sikumwambia mume wangu? Nimejiuliza wiki nzima. Mwanzo nilidhani naogopa atanicheka. Hawezi kunicheka, namjua. Atasema, "Subiri kidogo, mama Somoe." Hilo ndilo naliogopa. Leo asubuhi, akifunga kamba za viatu vyake vilivyotoboka, kasema mwenyewe, "Nikiajiriwa tu, wa kwanza kusoma ni wewe." Alisema hivyohivyo mwaka ule aliokuwa anamaliza chuo. Hakuwa mwongo wakati ule, na leo si mwongo. Ila nimeona jinsi anavyolisema, kama mtu anayemwahidi mtoto nguo ya Idi.

Na kuna swali ambalo hakuna aliyeliuliza, si Mjomba, si yeye. Je, shahada ya pili nayo ikiwa kama ya kwanza?

Naandika hili najiona mbaya. Wakati mwingine namwonea wivu mume wangu mwenyewe. Juzi nilikuwa nafuta vumbi ile picha ya joho, nikaigeuza ikatazama ukuta. Nikakaa nayo hivyo kitambo. Halafu nikairudisha, nikaifuta tena kioo vizuri.

Nikikataa, mimi ndiye mke aliyekata njia ya mumewe. Mama mkwe atasema kule Malolo, nayasikia tangu sasa, "Ndiyo shida ya kuoa mwenye shamba." Bombani watapata la kusema mpaka msimu wa mvua. Na yeye atarudi Ruangwa kufundisha kwa michango, watoto wanamwita mwalimu na serikali haimtambui. Hilo nalo linaniuma. Mkinisoma msidhani haliniumi.

Nikikubali, basi. Somoe ataanza shule, nami nitakuwa hapahapa nawaandikia wenzangu maombi ya vyuo. Nimeshaandika mengi. Naweza kuandika nimefumba macho: "Mimi ni mhitimu wa..."

Leo ndiyo siku yenyewe. Mjomba amekuja kutoka Chiola, na mwenye pesa amekuja, mnunuzi wa korosho ambaye watu wanamwita Mzee Magunia. Wamekuja hapa dukani. Mkataba wa rehani niuandike mimi, kwa sababu kwangu hawalipi.

Dada Rehema aliposikia aliniuliza, "Zainabu, mikorosho yako, halafu mkataba uandike wewe mwenyewe?"

Nikasema, "Ndiyo, dada."

Akasema, "Mh." Akaenda kupanga bahasha ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Wapo barazani sasa, wanamsubiri mjumbe wa nyumba kumi aje kuwa shahidi. Nawasikia kila neno. Mzee Magunia anamtania baba Somoe, "Mwalimu, ukishamaliza huu ualimu utasomea nini tena? Urubani?" Baba Somoe anamjibu, "Nikisomea urubani nitakubebea magunia yako bure, mzee." Wanacheka. Naye anacheka, kile kicheko chake ninachokijua. Mjomba hacheki. Sijui anafikiria nini.

Nimefungua ukurasa, nimeandika MKATABA juu kabisa, kwa herufi kubwa. Neno la pili limenishinda. Ndipo nikahamia huku.

Na kuandika huku kumenisaidia, maana nimejua nitakachofanya. Miti ya bondeni siitoi. Ni michache, ina ubwiri unga, itataka salfa na mikono yangu mwenyewe, lakini siitoi. Ile ya juu yote aichukue Mzee Magunia, baba Somoe akasome. Najua ya juu peke yake haitoshi ada yote. Najua huenda chuo kikamwambia asubiri mwaka mwingine, atafute kilichopungua, na mwaka kwake ni mrefu, vijana wa umri wake wana nyumba za bati. Atakayemchelewesha ni mimi. Sitajificha nyuma ya Mjomba kwa hilo.

Na sitaki baba Somoe atumwe kwenda kuangalia chochote. Akae asikie kwa masikio yake.

Naogopa. Sijawahi kumpinga Mjomba tangu nizaliwe, na kubadilisha neno lililokwisha kusemwa mbele ya mkubwa, kwetu ni aibu inayokufuata mpaka msibani. Inawezekana akaniambia nimechelewa. Inawezekana Mzee Magunia akainuka na pesa yake akaondoka, tukakosa wote wawili, mimi na yeye, na tukarudi nyumbani tukitazamana.

Lakini nimepiga hesabu ya kunyamaza pia, na hiyo nayo ina bei.

Nitaanza hivi. Nitasema, Mjomba, Jumapili uliniuliza nikakurudishia, naomba uniulize tena. Akiuliza sitazunguka. Nitasema mimi pia nataka kusoma, miti ya bondeni ndiyo ada yangu. Halafu nitamgeukia baba Somoe, hilo ndilo gumu kuliko yote, nimwambie usiniangalie hivyo, sijakunyima, nimekupa karibu yote, nilichobakiza ni kidogo tu na nakihitaji kwa sababu siku nyingi nimekuwa — Mjomba ananiita, mjumbe amefika, wanataka nianze kuandika. Naituma hivihivi.