Maoni ya Wananchi kuhusu Nyumba ya Kumbukumbu

Butembo, tarehe 4 Machi 2024

Binti yangu Joyeuse,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Habari ya Beni? Bwana yako na watoto wanaamkaje? Mimi niko, goti tu ndilo linagombana na mvua hizi. Barua hii nimempa Mama Léa wa vitenge akuletee. Najua utasema, papa, si upige simu tu. Maneno ya simu yanaenda na hewa, na mimi tangu nistaafu ualimu kazi yangu ni kulinda karatasi.

Nimeona bango kwenye lango la Nyumba ya Kumbukumbu. Wataibomoa, wajenge ghorofa tatu, na wananchi waje kutoa maoni. Chini kuna jina la bureau yenu, ofisi inayokulipa mshahara. Niambie ukweli: madaftari yaliyomo yatakwenda wapi? Yale kumi na manne, ambamo watu waliokimbia Kalunguta na Mutwanga walinitajia watu wao waliouawa, siku, mahali, nguo walizovaa, nami nikaandika. Wengi hawakuzika. Hawana kaburi, wana ukurasa. Sisi pia tuna wetu, wa kaka yako Delphin, katika daftari la tisa.

Baba yako


Beni, tarehe 15 Machi 2024

Papa mpendwa,

Wasingya, asante kwa barua. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Elikia ameota meno mawili na anauma kila anayembeba. Amefuata ukoo wako. Goti lipake mafuta ya moto, usilionee haya.

Papa, usianze vita kabla adui hajafika. Katika mradi huu mimi ndiye mwandishi, ramani nimeiona kwa macho yangu: chumba cha kumbukumbu kiko ghorofa ya pili. Njoo kwenye mkutano tarehe 6 Aprili useme yote, uje na watu wa madaftari. Mkikaa nyumbani watasema Butembo haikujali. Kila neno litaandikwa, na mkono utakaoandika ni wangu.

Mwanao


Butembo, tarehe 9 Aprili 2024

Joyeuse mwanangu,

Salamu nyingi. Natumaini ulifika Beni salama, maana njia ile siisemi. Goti limetulia kwa ajili ya furaha.

Nilikuona pale mbele, unaandika bila kuinua kichwa, nikajivuna mpaka aibu. Ulimsikia Mama Mariette? Mwanamke yule hajawahi kushika maikrofoni. «Mutoto yangu iko mu ile daftari. Mukibomoa nyumba, nitaenda kumulilia wapi?» Hata mkubwa wenu kutoka Kinshasa, Monsieur Benoît, alijibu vizuri: «Mama, hapana ogopa. Maoni yako tunaandika.»

Karatasi ya mahudhurio ilipopita, watu walisita. Nikatia sahihi wa kwanza ili wapate moyo. Mama Mariette hajui kuandika, nikamshika kidole gumba akakibonyeza kwenye wino. Kisha kila aliyetia sahihi akapewa sucré yake, soda ya chupa, na biskuti. Asante, mama yangu. Umetuheshimisha.

Baba yako


Butembo, tarehe 2 Julai 2024

Joyeuse,

Habari ya watoto. Mimi ni mzima.

Ripoti yenu imebandikwa kwenye ofisi ya commune. Nimeisoma nimesimama, kurasa zote. Maoni ya wananchi: wanaomba choo, wanaomba mahali pa kuegesha pikipiki. Ni kweli, kuna mtu aliomba choo. Lakini neno la Mama Mariette halimo. Langu halimo. Madaftari hayakutajwa hata mara moja. Na mwishoni: «Orodha ya wananchi walioafiki mradi.» Majina mia mbili na kumi na moja. La kwanza ni langu. Chini yangu kuna kidole cha Mama Mariette.

Ni karatasi ileile ya mahudhurio, kichwa tu ndicho kipya. Nani alikipiga mashine?

Baba yako


Beni, tarehe 20 Julai 2024

Papa,

Shikamoo, kama bado unaipokea.

Ni mimi. Maneno yenu niliyaandika yote, naapa. Monsieur Benoît aliyafuta, akaniambia nibadilishe kichwa. Nilimwambia watu walihudhuria tu. Akasema: «Joyeuse, mutu alikuya, alikunywa sucré, alisinye karatasi. Donc alikubali. Ao unataka tutafute secrétaire mwingine?» Niliogopa, papa. Nikajidanganya kwamba madaftari yatatunzwa tu. Sasa nasikia yatawekwa depo mpaka jengo liishe, na hakuna anayejua depo gani.

Ufunguo wa Nyumba bado unao wewe. Nakuomba, ung'oe ukurasa wa Delphin kabla hawajafika. Angalau huo.

Mwanao


Butembo, tarehe 11 Agosti 2024

Joyeuse,

Lori lilikuja Alhamisi. Madaftari waliyatia katika magunia ya kahawa, bila kuyahesabu. Niliomba karatasi ya kupokelea, hawakuwa nayo. Nilimuuliza dereva anapeleka wapi, akasema anangoja simu.

Barua yako ilinifikia mapema. Asubuhi ile nilifungua daftari la tisa, nikaweka wembe kwenye mshono. Mkono wangu ulikuwa tayari. Lakini juma lililotangulia Mama Mariette aliniomba ukurasa wa mtoto wake, nikamkatalia. Nimewakatalia wengi. Niliwaambia ukurasa haung'olewi, niking'oa mmoja daftari zima litalegea. Ningemchukua Delphin wangu, niwaache watoto wao waende peke yao? Nilifunga daftari. Amekwenda pamoja na wengine, na mimi ninalia kila siku, usidhani ni mti.

Watu wa madaftari wanakuja bado. Jana Mama Mariette alikaa kwenye ngazi ya Nyumba, wakati mafundi wanatoa mabati. Akaniuliza: «Mwalimu, nani alikubali?» Nikamwambia: sisi, mama, mimi na wewe, tumeandikwa. Akanitazama kama anavyotazamwa mwizi sokoni, akaondoka.

Sikumwambia ni nani aliyeandika kichwa kile. Watu wa hapa wanakusalimu bado kwa jina lako. Usiniandikie kwanza.

Baba yako